Jumamosi Ambayo Bondeni Walishinda Kombe

Kwangu mimi, mchezo wa raga unanuka mbao mbichi. Wengine wakisikia ukitajwa hukumbuka harufu ya nyasi zilizokatwa, au ya dawa ya kuchua misuli, au ya nyama inayochomwa kando ya uwanja siku ya mechi. Mimi hukumbuka msonobari uliopasuliwa asubuhi ileile, vanishi ambayo haijakauka, turubai lililolowa mvua, na dizeli ya lori kuukuu. Hizo ni harufu za safari ya mazishi, na kama mjukuu wangu Nafula, anayeandika maneno haya huku mimi nikisema, anadhani nimechanganya mambo mawili, na avumilie. Waliochanganya ni wanaume wa Kangemi, nilipokuwa mtoto niliyeng'oka meno ya mbele, na siku walipoyatenganisha mambo hayo mawili nilikuwepo pia, nikaona kilichotokea.

Nafula aliniuliza jana swali ambalo, naambiwa, watu wa raga huulizana kila wanapoketi pamoja: kwa nini timu fulani za ridhaa huchomoza ghafla, zikalitikisa jiji msimu mmoja au miwili, kisha zikapotea kana kwamba hazijawahi kuvaa jezi? Waliosoma hujibu kwamba wafadhili walichoka, au uwanja ulichukuliwa na wajenzi, au wachezaji walinyakuliwa na vilabu vikubwa. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, wala siwapingi. Lakini niliitazama timu moja ikifa, na hayo yote yalikuja baadaye, kama nzi wanavyokuja baadaye.

Tuliishi Kangemi upande wa bondeni, katika chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa mabati. Chini yetu kulikuwa na kijito, na ng'ambo ya kijito bustani za Lavington zilianza, zenye maua ambayo hakuna mtu aliyeyala wala kuyauza. Baba yangu, Mzee Makokha, alikuwa mpishi katika nyumba mojawapo kule ng'ambo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya kahawia aliyoivua kwa watu wote, hata kwa watoto, na sauti kubwa kuliko mwili wake. Asubuhi alikuwa mpishi, lakini jioni alikuwa mwenyekiti wa chama cha mazishi cha watu wa kwetu, waliotoka magharibi kuja kutafuta kazi Nairobi. Kwa maana mtu wa kwetu akifia Nairobi hakuzikwa Nairobi. Alirudishwa nyumbani, akazikwa kando ya nyumba yake siku ya Jumamosi, na vijana wa chama ndio waliomchukua kutoka chumba cha maiti, wakasafiri naye, wakachimba kaburi, wakambeba. Baba alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja mbele yake: jeneza likishashuka kwenye lori halitui chini mpaka lifike kaburini. Mchovu abadilishwe akiwa anatembea.

Siku hizo lami iliisha mbali na kwetu. Baada ya hapo ilikuwa barabara ya udongo mwekundu, na nyakati za masika udongo ule ulimeza magurudumu ya lori hadi ekseli. Mara nyingi niliandamana na baba, kwa sababu mama alikuwa na mtoto mchanga na mimi nilikuwa na miguu, kwa hiyo niliyaona mwenyewe. Lori lilipokwama, vijana waliruka chini, wakavua viatu, wakainama nyuma ya bodi, bega kwa bega, vichwa chini. Baba alisimama kando, kofia mkononi, akavuta neno kwa sauti ndefu: "Haraaambee." Wao wakajibu "Hee" na kusukuma kwa pamoja, kwa pumzi moja, tope likiwarukia usoni. Hakuna aliyesukuma kabla ya mwenzake. Aliyefanya hivyo alianguka kifudifudi, akachekwa hadi kijijini.

Mmoja wa vijana hao aliitwa Shem. Yeye alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mwenye shati jeupe na kalamu mfukoni, na alikuwa amejifunza raga katika shule ya upili huko magharibi. Siku moja, tukirudi kutoka mazishi, lori likiwa limetoka topeni na kila mtu akiwa mwekundu kuanzia nywele hadi kucha, Shem aliketi juu ya tairi la akiba na kucheka peke yake.

"Jameni, si hii ni skramu ya raga tumekuwa tukipiga, bega kwa bega?" alisema. "Hao watu wa klabu za mjini wanakula mayai kila asubuhi, lakini hawawezi kutusukuma sisi."

"Kusukuma wapi?" akauliza kijana mmoja mnene tuliyemwita Nyundo.

"Uwanjani. Kwa mpira."

"Mimi nimesukuma maiti ya mjomba wangu kilomita nzima. Mpira utanifanya nini?"

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Shem alikuja bondeni na mpira wa raga. Baba aliugeuzageuza mikononi kwa muda mrefu. "Huu mpira ulikaliwa na nani?" aliuliza, na watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Hivyo ndivyo timu ya Bondeni ilivyozaliwa, katika mteremko wa nyasi kando ya kijito, ambapo kwanza ilibidi ng'ombe wa watu waondolewe. Makarani walijua sheria za mchezo, na watunza bustani, wapagazi na wabeba mawe walijua kusukuma. Baba hakujifunza sheria hata moja hadi mwisho wa maisha yake. Lakini ndiye aliyetembea kwa miguu hadi katikati ya jiji, akasimama kwenye milango ya maofisi na maduka, kofia mkononi, akiwaombea vijana ruhusa ya Jumamosi. Alikuwa amezoeleka, maana miaka yote alikuwa akiwaombea ruhusa ya kwenda kuzika. "Nimekuja kumwomba kijana wangu," ndivyo alivyosema, na tajiri aliuliza jambo moja tu: "Leo ni msiba au ni mpira?" Baba hakuwahi kumdanganya hata mmoja.

Tatizo lilikuwa dogo na kila mtu alilijua. Mazishi yalikuwa Jumamosi na mechi zilikuwa Jumamosi. Msiba ulipotokea, Bondeni hawakufika uwanjani, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani, na mjini watu wakatucheka, wakatuita timu ya matanga. Shem aliumia kwa jina hilo. Wengine hawakujali. Walirudi Jumatatu na udongo wa kaburi chini ya kucha, na jioni wakashuka bondeni kufanya mazoezi kana kwamba ni kazi ileile moja, na kwa kweli ilikuwa kazi ileile moja.

Kisha ukaja mwaka ambao kifo kilitupita. Sijui kwa nini. Katika msimu mzima wa raga hakufa mtu wa kwetu hata mmoja, si mzee, si mtoto. Bondeni wakacheza kila Jumamosi, na kila Jumamosi wakashinda. Nakumbuka jinsi watu wa mjini walivyobaki midomo wazi, wanaume wenye soksi ndefu na chupa za maji, wakiona skramu yao ikirudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya wapagazi wa Kangemi, bila kelele, ila lile neno la Shem, "Haraaambee," na lile jibu moja kutoka vifua vyote. Baba alisimama kando ya mstari, mimi mabegani mwake, nikiona kila kitu juu ya vichwa vya watu. Aliniahidi siku hizo kwamba msimu ukiisha atanipeleka shule. Alikuwa amekwisha kununua kitambaa cha samawati cha sare, kikakunjwa chini ya godoro, nami nilikuwa nikikigusa kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilikuwa kosa la furaha. Waliamini kwamba wanashinda kwa sababu wamekuwa hodari kuliko zamani. Hakuna aliyesema kwamba walikuwa watu walewale, wenye mabega yaleyale, isipokuwa mwaka huo hawakuitwa na msiba. Bwana mmoja wa Karen, mwenye shamba kubwa na uwanja wake binafsi, alianza kuja kuwatazama. Aliwaletea jezi mpya. Akawaambia kwamba wakichukua kombe, atawapa uwanja ule wauite wao, wenye nguzo za kweli na bafu la maji ya moto. Niliwasikia vijana wakilitaja lile bafu kama watu wanaozungumzia mbinguni. Fainali ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya msimu.

Jumatatu ya wiki ile baba alianguka jikoni kwa tajiri wake, kisu cha kukatia vitunguu kikiwa mkononi. Alikata roho kabla gari halijafika hospitali. Kifo kilichotupita mwaka mzima kilikuwa kimesimama mlangoni kwetu tu.

Sitaeleza kilio. Kila mtu amelia. Nitaeleza jioni ya Jumatano, jua likiwa bado juu ya miti ya ng'ambo, wakati vijana walipoingia katika chumba chetu wakiongozwa na Shem. Mama alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kama ilivyo desturi ya mjane. Kando yake alikuwa shangazi Berita, dada ya baba, mwanamke mrefu aliyeuza mboga sokoni na ambaye wanaume walimwogopa bila kukiri. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya godoro. Nilifurahi nilipowaona. Nilifikiri moyoni: sasa wamekuja wenye kazi.

"Mama, pole sana," alisema Shem. "Mzee alikuwa baba yetu sote."

"Tumepoa," mama alijibu.

Shem alibaki amesimama. Alikuwa akizungusha kalamu yake. "Mama, kuna jambo. Fainali ni Jumamosi."

"Na mazishi ni Jumamosi."

"Ndiyo, mama. Tulienda kuomba isogezwe, wakakataa. Tukakaa, tukazungumza, tukaona hivi." Alitazama ukutani. "Mzee mwenyewe angetaka tucheze. Tutafunga vitambaa vyeusi mkononi. Na Jumapili asubuhi, mapema, tutakuwa njiani kuja."

Nilingoja wacheke. Naapa nilingoja, kwa kuwa wanaume hao walipenda mzaha, na hata kwenye matanga walitaniana. Nilimtazama Nyundo, ambaye aliwahi kunibeba kutoka barabarani hadi nyumbani nilipokatwa na chupa, nikaona analia kwa kuuma midomo, macho yake yakiwa chini. Ndipo nikajua kwamba hawatanii. Hata sasa nikilisema jambo hili, mimi mwanamke mwenye wajukuu, bado nangoja wacheke.

"Jumapili mtakuja kuzika nini, Shem?" aliuliza shangazi Berita. Hakuinua sauti. "Mtakuja kuuzika udongo?"

"Shangazi, usiseme hivyo. Ni mara moja tu. Ni mwaka mmoja katika maisha yetu."

"Na yeye amekufa mara ngapi?"

Mama alifuta uso kwa ukingo wa leso, akasema, "Chai ipo. Kunyweni, msiondoke hivyo." Wakanywa. Hilo nalo lilinishtua: kwamba wangeweza kuimeza.

Siku ya Alhamisi walikuja kwenye chumba cha maiti, wote, wakiwa safi. Walilibeba jeneza kama kawaida yao, bila kuyumba, bila kulitua chini, wakalipandisha juu ya lori polepole, kana kwamba baba amelala na hawataki aamke. Mtu asiyewajua angesema hakuna vijana wenye adabu kama hawa. Kisha wakashuka, mmoja mmoja, wakajipanga kando ya ukuta. Dereva akawasha injini. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na bodi, nikiwasubiri wapande. Lori likaanza kwenda nao hawajapanda. Nikapiga bodi kwa kiganja nikamwambia dereva asimame, watu wameachwa. Shangazi Berita akanishika mkono, akaninyamazisha. Wakawa wadogo, wakawa wadogo zaidi, wakapotea nyuma ya mabasi. Ndani ya lori lile walikuwemo wanawake, watoto, na wazee wachache waliokuwa wakikohoa kwa sababu ya moshi.

Asubuhi ya Ijumaa tulitoka kwenye lami. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kilima kilekile ambacho baba alikijua kama jiko lake, magurudumu yalizama, injini ikanguruma, moshi mweusi ukatufunika, na lori likaanza kurudi nyuma upande wa mtaro. Jeneza liliteleza. Nilisikia mbao zikigonga bodi, na mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu yeyote. Dereva alishuka, akazunguka lori, akatafuta kwa macho. Miaka yote alikuwa amezoea kuwaona vijana wakiruka kabla hajazima injini.

"Vijana wako wapi?" aliuliza.

"Wako kwa mpira," alijibu shangazi Berita.

Dereva alifikiri kwamba hakusikia vizuri. Aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Akavua kofia yake, akabaki ameishika, kama alivyofanya baba.

Shangazi Berita alikuwa wa kwanza kushuka. Alifunga leso kiunoni, akavua viatu, akavitupa ndani ya lori, akaweka bega kwenye bodi. Wanawake wengine walitazamana, kisha wakashuka. Mama alishuka pia, mjane ambaye kwa desturi hakupaswa kugusa kazi yoyote, na mdogo wangu akapewa mzee mmoja. Nami nikashuka. Nilijua mahali pa kusimama, kwa kuwa nilikuwa nimewatazama vijana mara nyingi: miguu imetanuliwa, kichwa chini, bega chini ya chuma. Tope lilikuwa baridi hadi magotini. Kupitia mbao za bodi, karibu na sikio langu, nilinusa vanishi ya jeneza la baba. Shangazi Berita akavuta neno, "Haraaambee," sauti yake ikikwaruza, nasi tukajibu, wanawake kwa sauti nyembamba ambayo barabara ile haikuwa imeizoea. Lori halikusogea. Akavuta tena. Mwanamke mmoja alianguka kifudifudi kwa kusukuma mapema, na hakuna aliyemcheka. Mara ya tatu, au ya nne, sikumbuki, gurudumu liliuma kitu kigumu chini, lori likatikisika, likapanda. Tulibaki topeni tukiwa tumeshikana, tumekuwa wekundu, tukilitazama likifika juu ya kilima. Sikulia. Nilikuwa nimeshangaa mno kiasi cha kutoweza kulia: kwamba nimemsukuma baba yangu mwenyewe.

Kesho yake kaburi lilichimbwa na wazee na wavulana wa kijiji, likatoka fupi, likachimbwa tena. Wazee ndio waliolibeba jeneza. Kati ya boma na kaburi walilitua chini, wakapumua, wakalinyanyua, wakalitua tena. Kila lilipogusa nyasi nilimtazama mama, naye alikuwa akitazama juu, mawinguni, ili asione. Saa hiyohiyo, tulikuja kuelezwa baadaye, mjini watu walikuwa wakishangilia. Bondeni walikuwa wameshinda. Walikuwa wamefunga vitambaa vyeusi mikononi, na kabla ya mechi watu wote uwanjani walisimama kimya kwa heshima ya baba, hata wale matajiri aliokuwa akiwaomba ruhusa. Nasikia ilikuwa picha nzuri sana.

Jumapili hawakuja. Kombe lilikuwa likizungushwa mitaani. Walikuja baada ya sisi kurudi Kangemi, Shem mbele, kombe mikononi, wakaliweka mlangoni mwa chumba chetu. Liling'aa kiasi kwamba niliona meno yangu yasiyokuwepo.

"Ni la Mzee, mama," alisema Shem. "Tumemletea."

Mama alilitazama. "Linabebwa na watu wangapi?" aliuliza.

Shem hakuelewa. "Mtu mmoja tu anatosha, mama. Si zito."

"Basi ni vizuri," alisema mama. "Mtu mmoja alibebe." Akarudi ndani kuendelea kuchambua maharagwe.

Baada ya hapo, yaliyofuata yalikwenda taratibu na kwa adabu. Walipewa uwanja wa Karen na lile bafu. Miezi michache baadaye alifariki mama yake Nyundo. Nyundo alizunguka vyumbani akiwaita vijana, na kila mmoja alikuwa na sababu njema: kazi, mafua, mechi ya kirafiki. Mmoja wao alimwambia wazi, shangazi Berita akisikia kutoka kibandani pake: "Hata ya Mwenyekiti tulicheza, Nyundo. Sasa ya mama yako ndiyo tuache?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja sheria. Nyundo alikwenda kumzika mama yake na watu wachache, akarudi, akatundika jezi yake kwenye msumari nje ya mlango wake, ikabaki pale ikinyeshewa hadi ikawa haina rangi. Chama cha mazishi kilikoma kabla ya timu kukoma. Hakuna aliyekivunja, siku moja tu iligunduliwa kwamba hakipo.

Shangazi Berita alinipeleka Karen mara moja, tukauze njugu kando ya uwanja. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya mchana. Aliyeniahidi shule alikuwa chini ya udongo, na kile kitambaa cha samawati kilikuwa kimegeuzwa pazia. Nyasi za Karen zilikuwa laini kama zulia. Vijana waliinama kwenye skramu, Shem akavuta neno, na jibu likatoka katika midomo michache, likiwa limechelewa, kila mtu kwa wakati wake. Wakarudishwa nyuma. Wakarudishwa tena. Walikuwa na jezi nzuri na mabega yaleyale, lakini hakuna aliyeamini tena kwamba aliye kando yake atasukuma. Shangazi Berita aliacha kufunga njugu, akatazama. "Hawajui wamekwama wapi," alisema, kisha akaendelea na kazi yake. Msimu uliofuata Shem alikwenda kwenye klabu kubwa, wengine wakafuata kazi zao, yule bwana akauza shamba. Wanaosema Bondeni waliuawa na ukosefu wa uwanja hawakosei kuhusu uwanja. Wanakosea kuhusu siku.

Tangu wakati ule nimeziona timu nyingine zikipanda na kushuka kwa njia hiyo. Niliona moja ya mafundi wa gereji waliokuwa wakikopeshana vyuma na kusaidiana kutengeneza magari usiku na mchana, na nyingine ya waimbaji wa kanisa. Kila moja ilipanda ikiegemea kitu ambacho hakikuwa mchezo, ikashinda kwa nguvu ya kitu hicho, na iliposhinda ikakiona kitu hicho kuwa kizuizi. Ikakiacha Jumamosi moja tu. Inanishtua kila mara jinsi Jumamosi moja inavyotosha.

Leo ni Alhamisi. Nafula anacheza raga, jambo ambalo baba yangu angeligeuzageuza kama ule mpira. Timu yao ni ya wasichana wa Kangemi ambao walianza kwa kusindikizana jioni wakitoka kazini, wengine Westlands, wengine katikati ya jiji, ili asivuke mtu peke yake kwenye Waiyaki Way gizani. Kwanza walitembea pamoja, kisha wakakimbia pamoja, kisha mtu akaleta mpira. Msimu huu hawajafungwa. Jumamosi wana fainali. Na juzi baba yake Sharon, mwenzao wa mstari wa mbele, amefariki, atazikwa magharibi Jumamosi hiyohiyo. Siku hizi barabara ni lami hadi karibu na boma. Maiti husafiri kwenye gari lenye vioo vyeusi, wachimba kaburi huajiriwa, rambirambi hutumwa kwa simu, na jeneza huteremshwa kwa mashine yenye mikanda. Hakuna lori la kusukuma. Nilidhani ningefurahi kuona hayo, na kwa kweli nilifurahi, hadi nilipojiuliza sasa vijana watajifunzia wapi mabega ya wenzao.

Nilipofika hapo, simu ya Nafula ililia. Akaacha kuandika, akatoka nje, akasimama chini ya dirisha langu. Sikumsikia aliyekuwa upande wa pili, nilimsikia yeye tu, akiniita kukhu, yaani bibi kwa lugha ya kwetu.

"Sasa. Eeh, niko kwa kukhu... Najua ni fainali, Mercy, kwani unadhani mimi sijui? ... Watatupiga ushindi wa mezani, sawa, watupige... Sasa wewe ukifiwa utataka Sharon akuje ama akutumie emoji?" Nilimsikia akipiga jiwe teke. "Wasiotaka wabaki. Hapana, simlazimishi mtu... Mimi naenda. Gari ni saa ngapi? ... Na mvua iko huko, mbebe gumbuti."

Akarudi ndani, akaketi, akajifuta macho kwa kiwiko akidhani sioni. Sikumsifu. Mtu hasifiwi kwa kupanda lori.

"Tulikuwa tumefika wapi, kukhu?" aliniuliza.

"Tulikuwa kwenye tope," nikamwambia. "Andika."